Nani Hajalipa Machi? Kuchagua Kitabu cha Rejea cha Hifadhidata

"Mzee, kibebe kwanza usikie uzito," aliniambia kijana anayeuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, akanikabidhi kitabu cha Microsoft Access kwa mikono miwili kama anayepokezana mtoto. Kurasa zaidi ya 1,000. Toleo la 2003. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na mfuko wa plastiki uliogundishwa ili kubeba CD ya mazoezi, na mfuko wenyewe ulikuwa mtupu. Bei aliyotaja ilizidi kidogo nauli yangu ya daladala ya wiki nzima, na aliapa kwamba kwa uzito ule sitapata kingine mjini.

Kupima kitabu cha kompyuta kwa kilo ni kichekesho, lakini wanunuzi wengi hatumpiti sana kijana yule. Tunatazama unene, mwaka uliochapwa mgongoni, wingi wa picha za skrini, kisha tunatoa hela. Miezi miwili baadaye kitabu kimegeuka cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo, na hesabu za kikoba bado zimo kwenye Excel yenye safu arobaini, moja kwa kila mwezi tangu kikoba kianze.

Kwa maoni yangu kosa hutokea kabla hata ya kufungua jalada. Kitabu chochote cha programu ya hifadhidata ya mezani ni vitabu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja kinaeleza programu: vitufe viko wapi, ubofye nini, kidirisha kipi kitafunguka. Cha pili kinaeleza data: namna ya kuigawa katika majedwali, namna majedwali yanavyojuana, namna ya kuyauliza yakujibu ukweli. Cha kwanza huchacha kila programu inapobadilishwa. Cha pili hakichachi. Ukishajua hivyo, mwaka wa jalada unakuwa jambo dogo, na swali linakuwa ni kurasa ngapi unazilipia za upande upi.

Upande usiochacha una umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani zenyewe. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM kule San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ikae katika majedwali, na jedwali moja lihusiane na jingine kwa thamani zilizoandikwa ndani yake. Wenzake wawili hapo hapo IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa mwaka 1974 lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Programu za kompyuta ndogo zilifuata baadaye na zimekuwa zikizaliwa na kufa tangu hapo. dBASE ya Ashton-Tate ilitamba miaka ya 1980, kampuni ikanunuliwa na Borland mwaka 1991. Microsoft iliinunua kampuni ya FoxPro mwaka 1992, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatoa Access ya kwanza. FoxPro yenyewe ilitangazwa mwaka 2007 kwamba haitapata toleo jingine. Mtu aliyenunua kitabu cha dBASE enzi zile hana leo kitufe hata kimoja cha kubofya. Sura iliyomfundisha kutenganisha wateja na ankara zao, kama kitabu chake kilikuwa nayo, bado inamfaa.

Nimetaja Access, na ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu ndiyo wengi wetu tulikutana nayo kwanza. Iko katika kozi za vyuo vya mitaani zinazofundisha Word, Excel na ndugu zao, na katika mitihani ya vitendo ya somo la kompyuta ya KCSE nchini Kenya maswali ya hifadhidata si mageni. Ila kabla ya kununua kitabu chake, hakikisha unayo. Access haifanyi kazi kwenye Mac, na vifurushi vya Office vilivyouzwa kwa matumizi ya nyumbani na wanafunzi havikuwa nayo. Nimemwona mtu mzima amenunua kitabu, amefika nyumbani, ametafuta ile ikoni yenye herufi A saa nzima.

Sasa nirudi kwenye uchachu, maana una mambo yake. Access ya 2007 ilibadilisha sura yote ya programu. Menyu za juu ziliondoka, ukaja utepe wa vitufe. Dirisha dogo lililoorodhesha majedwali, fomu na ripoti likapisha kidirisha cha pembeni. Faili la .mdb likapisha .accdb. Kusoma maelekezo ya 2003 ukiwa na Access ya 2016 ni kama kuelekezwa njia na mwenyeji aliyehama zamani: pita kwenye jengo la bluu, kumbe lilishabomolewa. Na zipo sura ambazo si kwamba zimehamishwa, zimekufa. Mfumo wa zamani wa ulinzi, uliompa kila mtumiaji jina, nywila na ruhusa zake kwa kila jedwali, haufanyi kazi kwenye faili la .accdb. Katika vitabu vya zamani jambo hilo hula kurasa nyingi, na mfanyakazi anayesoma kwa bidii anaweza kupoteza wikiendi nzima akilitafuta.

Basi tununue kipya? Pole pole. Mwaka 2010 Access ililetewa hifadhidata za wavuti, na mwaka 2013 zikaja programu za wavuti za kuendeshwa kupitia SharePoint. Waandishi walizipa sura kubwa, wachapishaji wakazipamba kwenye majalada. Mwezi Aprili 2018 Microsoft ilizizima kwenye huduma yake ya mtandaoni. Kwa hiyo sura ya 1997 inayofundisha kugawa jedwali moja kuwa mawili imeishi muda mrefu kuliko sura ya 2013 iliyouzwa kama mustakabali. Mpaka ambao ningeuheshimu ni ule wa 2007. Kuanzia hapo hadi matoleo ya karibuni, majedwali, kweri (yaani query, maswali unayoyauliza majedwali), fomu na ripoti hazijabadilika kiasi cha kumpoteza mwanafunzi, na kitabu cha 2010 kitamfaa mwenye Access ya 2019 bila taabu. Mpaka mwingine mdogo ni kwa waandika programu tu: Access ilianza kutolewa pia kwa biti 64 mwaka 2010, na mistari ya VBA inayoita kazi za ndani za Windows katika vitabu vya kabla ya hapo itagoma mpaka uiongezee neno PtrSafe. Kama hujui VBA ni nini, sentensi hiyo haikuhusu bado.

Tufike penye kiini. Kitabu cha rejea hakisomwi kuanzia ukurasa wa kwanza. Unakwenda kwake umekwama, una swali. Ndiyo maana njia pekee ya kukipima ni kwenda nalo swali dukani. Langu nimelichukua kutoka kwa mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, aliyeniuliza bila kujua kwamba ananipa kipimo cha vitabu: "Baba, hii kompyuta inaweza kuniambia nani hajalipa Machi?"

Swali la sekunde tano hilo. Hebu tuone kinachotokea.

Tuseme umeshavuka kikwazo cha kwanza na huna tena safu arobaini za miezi. Una jedwali la Wanachama, kila mtu mstari mmoja na namba yake, na jedwali la Michango, kila malipo mstari mmoja, yakibeba namba ya aliyelipa, kiasi na mwezi unaolipiwa. Jedwali la Michango lina waliolipa. Mama anataka wasiokuwemo. Anataka hifadhidata imwonyeshe kitu ambacho hakikuandikwa popote, na hapo ndipo vitabu vinapoachana njia.

Kitabu chepesi kitakupeleka kwenye kisaidizi cha Access kinachotafuta rekodi zisizo na wenza. Utakichagulia Wanachama, utakichagulia Michango, utabofya mara nne, na orodha itatoka. Inapendeza. Ila ni orodha ya watu ambao hawajawahi kulipa mwezi wowote tangu kikoba kianze, labda wawili waliojiandikisha wakapotea. Aliyelipa Januari na Februari akaacha Machi hayumo, kwa sababu kwenye Michango jina lake lipo.

Mwanafunzi mwerevu ataona kosa na kujaribu kurekebisha. Ataifungua kweri ile ile na kuongeza sharti: mwezi uwe Machi. Sasa orodha inatoka tupu kabisa, na mtu asiyejua atashangilia kwamba kikoba kizima kimelipa. Sababu ni kwamba kweri ile inatafuta mistari ambayo upande wa Michango hauna kitu, kisha sharti jipya linadai upande huo huo usio na kitu uwe umeandikwa Machi. Hakuna mstari unaoweza kutimiza yote mawili.

Jibu sahihi lina hatua mbili. Kwanza unatengeneza kweri ya malipo ya Machi peke yake na kuihifadhi. Kisha unawalinganisha Wanachama na kweri hiyo badala ya jedwali zima la Michango, kwa LEFT JOIN, ukiomba wale ambao upande wa pili hauna kitu. Kisaidizi kile kile sasa kitasema kweli, maana kinakubali kweri kama kinavyokubali jedwali. Kitabu kinachostahili hela yako ni kile kinachoeleza kwa nini hatua ni mbili. Si lazima kiwe na kikoba wala Machi. Kinaweza kuzungumzia wateja ambao hawakuagiza bidhaa mwaka fulani. Mradi kimefika hapo, aliyekiandika anajua msomaji atakwama wapi.

Utaona pia kwamba nilisema "mwezi unaolipiwa", sikusema tarehe ya malipo. Mwanachama anaweza kulipa mchango wa Machi tarehe 6 Aprili. Hizo ni taarifa mbili zinazohitaji safu mbili, na hakuna kitufe duniani kitakachokukumbusha hilo.

Tarehe yenyewe ni kipimo changu cha pili, na kwetu ni kikali kuliko kwa Wamarekani waliovisoma vitabu hivi kwanza. Ndani ya SQL, Access huizungushia tarehe alama za reli na kuisoma kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Ukiandika #03/04/2024# ukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaelewa 4 Machi. Ubaya ni kwamba ukiandika #25/04/2024# inakuelewa vizuri tu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inageuza kimyakimya. Kwa hiyo kosa linajitokeza siku 12 za mwanzo wa mwezi na kujificha siku zinazobaki, na mtu anaweza kuijaribu kweri yake tarehe 20, ikafaulu, akaikabidhi ofisini. Kwenye gridi ya kubunia kweri mambo ni tofauti tena, huko Access hufuata mipangilio ya Windows, na kompyuta nyingi nilizokutana nazo zimeachwa na mipangilio ya Marekani zilivyotoka kwenye boksi. Ukiandika mwaka kwanza, #2024-04-03#, utata unakwisha. Tafuta kwenye faharasa ya kitabu kama kuna neno lolote kuhusu tarehe na mipangilio ya nchi. Ukilikosa, mwandishi hakuwahi kutoka kwao.

Sitamaliza vipimo vyote. Namba ya simu ni maandishi, si namba, la sivyo sifuri ya 0754 itaanguka. Kitabu kizuri hulisema hilo mapema. Fedha ziende kwenye aina ya Currency, isiyozungusha senti ovyo. Na umeme: faili la Access linaloandikwa wakati umeme unakatika linaweza kuharibika, tena likiwa linatumiwa na watu kadhaa kupitia mtandao wa ofisi hatari inazidi. Nataka kitabu kinachoeleza kubana na kukarabati faili, kunakili data kila siku, na kugawa hifadhidata pande mbili, majedwali yakae kwenye kompyuta moja na kila mtumiaji awe na fomu na kweri zake. Nataka pia kiseme wazi kwamba faili haliwezi kuzidi GB 2. Vitabu vya mwanzo huahirisha mambo haya hadi mwisho au huyaacha kabisa, na ndiyo yanayomwangusha mtu mwaka wa kwanza.

Kuna somo jingine ambalo vitabu vingi hubeba bila kujua. Kwa miaka mingi Access imekuja na hifadhidata ya mfano iitwayo Northwind, ya kampuni ya kubuni inayouza vyakula. Ndani yake kuna jedwali la bidhaa lenye bei ya kila bidhaa, na jedwali la vipengele vya oda ambalo nalo lina bei. Anayesoma juu juu ataona bei imerudiwa, na kwa kuwa sura iliyotangulia ilimfundisha kwamba kurudia ni dhambi, ataifuta. Muulize mwenye duka. Sukari uliyouza mwezi uliopita uliiuza kwa bei ya mwezi uliopita. Ukibadilisha bei leo, risiti ya zamani haipaswi kubadilika. Bei za aina hizo ni taarifa mbili tofauti zilizofanana jina. Nikikuta kitabu kinachosimama hapo hata kwa aya moja, ninakiamini kwa mengine.

Vitabu vyenyewe ni vya namna gani? Vipo vya hatua kwa hatua, kama mfululizo wa Step by Step wa Microsoft Press, na vile vya For Dummies. Vinafaa wiki ya kwanza kuondoa woga. Kuviita vya rejea ni kuvionea, kwani havikuandikwa kwa kazi hiyo, na vile vya mtumba vinavyotegemea mafaili ya CD iliyopotea havifai hata kwa hiyo wiki moja.

Halafu yapo mabuku. Access Bible imepita mikononi mwa waandishi kadhaa. Ya 2019 ni ya Michael Alexander na Dick Kusleika, na inazidi kurasa 1,000. Inside Out ya 2007 ni ya John Viescas na Jeff Conrad. Hivi ndivyo vya rejea hasa, kwa kuwa vina upana na vina faharasa. Kwa waandika programu kulikuwa na Access Developer's Handbook ya Ken Getz na wenzake, kikubwa kiasi kwamba toleo la Access 2000 lilitoka katika majuzuu mawili. Ukikiona mtaani utakitamani. Kiache, isipokuwa kama VBA tayari ni chakula chako. Anayeanza atazama humo asionekane tena.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote hakina jina la programu yoyote. Michael Hernandez alitoa Database Design for Mere Mortals kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na kimerudiwa kuchapwa na kuhaririwa tangu hapo. Kinafundisha kubuni hifadhidata kwa penseli na karatasi. Anaanza na kuhoji watu wanaofanya kazi na kukusanya makaratasi wanayotumia: fomu, ripoti, daftari lililochakaa. Ukilitazama daftari la mweka hazina wetu kwa jicho hilo, utaona ameshachora jedwali lake la wanachama kwenye jalada la ndani, na kila kurasa mbili ni mwezi. Muundo upo, unasubiri kuhamishwa. Kitabu cha C. J. Date, An Introduction to Database Systems, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975, kinakwenda mbali zaidi katika nadharia ya Codd, lakini hicho ni cha darasa la chuo kikuu. Sikipendekezi kwa mtu mwenye kikoba cha kuendesha Jumamosi.

Hapa nakiri upendeleo wangu. Mwenye hela ya kitabu kimoja tu wengi watamshauri anunue buku la programu. Mimi ningemwambia anunue cha ubunifu, hata cha zamani, hata kilichochakaa, na mambo ya vitufe ayatafute bure kwenye msaada wa Microsoft mtandaoni. Kitufe usichokijua unaweza kukiuliza jina. Kosa la ubunifu hujui kama unalo, kwa hiyo hutaliuliza. Hiyo ndiyo shida yangu pia na video, na hata na hizi programu za kujibu maswali kwa akili mnemba. Video ya dakika 20 itakuonyesha mtu akibofya kisaidizi kile kile na kupata orodha ile ile yenye kasoro, na huwezi kuitafutia neno ukurasa wa nyuma. Programu ya kujibu maswali itajibu ulichouliza. Mama mweka hazina akiuliza namna ya kuongeza safu ya arobaini na moja, huenda akaelekezwa vizuri sana kuiongeza.

Wasio na Access hawajaachwa. LibreOffice ina Base, ni bure, na kundi linaloandika miongozo ya LibreOffice limetoa kitabu chake kizima cha kupakua bila malipo. Base ina ukali wake, wala haina ulaini wa Access kwenye fomu na ripoti, lakini kweri ya Machi inafanyika humo kwa mantiki ile ile.

Limebaki suala la lugha, linaloniuma kidogo. Vitabu vyote nilivyotaja ni vya Kiingereza. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilijengwa juu ya OpenOffice 1.1, na Base iliingia kwenye OpenOffice 2.0 mwaka 2005. Yaani Kiswahili kilipanda basi kabla kiti cha hifadhidata hakijafungwa. Hadi leo hatujakubaliana hata jina: wengine wanasema hifadhidata, wengine kanzidata, na ofisini wote tunasema "database" tukiwa na haraka. Mimi nimetumia "kweri" humu kwa sababu ndivyo nisikiavyo watu wakitamka, na "swali" pekee lingewachanganya.

Anayesoma kwa Kiingereza cha kuungaunga asikimbilie kitabu chembamba kwa kudhani ni chepesi. Mara nyingi kitabu chembamba kimebana maelezo, na maelezo yaliyobanwa ndiyo magumu kwa mgeni wa lugha. Soma ukurasa mmoja wa sura ya uhusiano wa majedwali ukiwa umesimama hapo hapo, kisha jieleze kwa Kiswahili ulichokisoma. Ukiweza, kitabu kinakufaa. Na walimu wa kompyuta mnaofundisha kwa Kiswahili kila siku, hii nusu isiyochacha ndiyo mngeanza kutuandikia. Haihitaji picha hata moja ya skrini, na mifano mnayo: kikoba, duka la dawa, ghala la korosho, ada za shule.

Turudi kwa kijana na buku lake. Nilitafuta sura ya uhusiano nikaikuta, imeandikwa kwa utulivu, na mfano wa oda na bidhaa umefika hadi kwenye bei. Nikaruka mbele kutafuta kweri zisizo na wenza. Kitabu cha rejea hufunguliwa kwa nyuma, kwenye faharasa, nami huko ndiko nilikopaswa kuanzia. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, labda na mtu aliyefungia karanga. Faharasa iliishia herufi P. Query, relationships, unmatched, vyote vilikuwa vimeondoka na karanga.

Nilimwonyesha kijana, akacheka, akashusha bei nusu, nikalipa. Kwa sura mbili nzuri za majedwali ni bei halali. Kama kitabu cha rejea, bila faharasa, nisingempa hata shilingi mia.